Kishore Kumar: Mcheshi wa tiketi nusu aliyetamani kurudi kwao

Hapa mpakani Busia watu wengi hunijua kwa jina la Tiketi Nusu. Madereva wa malori, akina mama wa soko la nafaka na vijana wa bodaboda hawalijui jina nililopewa na wazazi wangu. Baadhi yao hudhani naitwa hivyo kwa sababu ya kimo changu kifupi. La hasha! Jina hilo lina chanzo chake, na chanzo chenyewe ni mtu aliyezaliwa mbali sana na mpaka huu, akafariki kabla sijawahi kumsikia.

Mtu huyo ni Kishore Kumar, mwimbaji na mwigizaji aliyevuma katika filamu za Kihindi. Nimeona niyasimulie maisha yake kwa faida ya wenzangu tunaovuka mpaka kila uchao kutafuta riziki, na hasa wale walioishi ugenini miaka mingi na sasa wanarejea nyumbani wakiwa na mvi. Maisha yake yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Alizaliwa Agosti 4, 1929 katika mji mdogo wa Khandwa, katikati ya India. Wazazi wake walimwita Abhas Kumar Ganguly. Baba yake, Kunjalal, alikuwa wakili. Kati ya watoto wanne, Abhas ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Kifungua mimba alikuwa Ashok, aliyemzidi umri kwa takriban miaka 18. Mtoto huyo alipokuwa angali anacheza vumbini, kaka yake alikuwa amekwisha kuhamia Bombay, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai, na kuwa nyota wa filamu.

Abhas alimfuata kaka yake huko Bombay. Humo katika filamu akajulikana kama Kishore, neno ambalo kwa lugha ya kwao lina maana ya kijana ambaye bado hajawa mtu mzima. Jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Ashok alimtaka ndugu yake awe mwigizaji. Kishore mwenyewe alitaka kuimba. Alimhusudu mwimbaji K. L. Saigal hata akawa anamwiga kwa kila namna. Mnamo 1948 alipata nafasi ya kuimba katika filamu ya Ziddi, ambapo sauti yake ilitoka kinywani mwa mwigizaji Dev Anand. Huo ndio uliokuwa mtindo wa filamu hizo, mmoja aimbe na mwingine achezeshe midomo. Baadaye mtunzi wa muziki S. D. Burman alimshauri aache kuiga, atafute sauti yake mwenyewe. Alitii, na ndipo akaanza ule mtindo wake wa kuirusha sauti juu na chini kama wachunga ng'ombe wa milimani Ulaya.

Hata hivyo, ombi la kaka mkubwa si jambo la kupuuzwa. Kishore aliigiza kwa shingo upande, na husemekana kwamba alifanya vituko makusudi ili watayarishaji wamchoke wamwache. Kinyume chake, watu walivipenda vituko hivyo. Mwaka wa 1956 aliigiza katika New Delhi, kisa cha kijana wa kaskazini mwa India anayejifanya mtu wa kusini ili akubaliwe kupanga chumba. Ni nani kati yetu hapa mpakani asiyewahi kufanya hivyo? Ukiwa upande huu unasalimu kwa lugha hii, ukivuka unabadilisha. Miaka miwili baadaye ikaja Chalti Ka Naam Gaadi, ambamo ndugu watatu, Ashok, Anoop na Kishore, waliigiza pamoja kama mafundi wa gereji.

Filamu iliyonipa jina langu ilitoka mwaka wa 1962. Inaitwa Half Ticket, yaani tiketi nusu. Kishore ni Vijay, mwana wa tajiri mwenye viwanda, kijana mkubwa asiyetaka kutulia. Baba yake anataka aoe na ashike majukumu. Vijay anaona mzigo huo haumfai, anatoroka nyumbani kwenda Bombay. Akifika stesheni hana pesa za kutosha za nauli. Anavaa kaptura na kofia, anajifanya mtoto anayeitwa Munna, na kupewa tiketi ya nusu bei.

Ndani ya gari moshi yumo mlanguzi wa almasi, sehemu iliyoigizwa na Pran. Mlanguzi huyo anahofia polisi. Anapomwona mtoto huyo wa ajabu, anamtilia almasi mfukoni bila yeye kujua. Humo humo garini yumo msichana, Madhubala, ambaye Vijay anampenda papo hapo, lakini atamwambiaje na yeye amevaa kaptura? Kuanzia hapo ni mbio na vicheko. Anayejifanya mtoto anasakwa kama mwizi, na anayependa hawezi kusema yeye ni nani. Walioona filamu ya Marekani ya mwaka wa 1942 iitwayo The Major and the Minor, ya mwelekezaji Billy Wilder, watakumbuka kwamba humo pia mwanamke mzima anajifanya mtoto ili alipe nusu nauli ya treni.

Sasa niruhusu msomaji nitoke kando kidogo.

Mwaka wa 1994 nilikuwa na umri wa miaka 22. Baba yangu, mkulima wa wimbi kule Tororo, alinitaka nioe na nishike usimamizi wa shamba kwa kuwa miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Mimi niliona naonewa. Alfajiri moja nikachukua baiskeli yake, nikaupa kisogo mwamba wa Tororo na kuteremka hadi Busia. Siku hizo bodaboda ilikuwa ni baiskeli. Kazi hiyo ilizaliwa papa hapa Busia, ya kuwavusha watu ule mwendo ulio kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya. Upande wa Uganda nilitumia jina la baba. Upande wa Kenya nikajiita jina la wajomba zangu Wateso. Nilijiona mjanja kwelikweli.

Siku moja mtu aliyevaa vizuri aliniomba nitangulie na kifurushi chake, naye angenifuata kwa miguu. Aliniahidi malipo ya siku tatu. Sikuuliza kilichomo. Niliposimamishwa, mwenyewe alikuwa ameyeyuka. Ndani mlikuwa na saa za mkono ambazo hazikulipiwa ushuru. Nililala rumande siku nne na baiskeli ikachukuliwa. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipoulizwa jina langu, nilibaki kimya, sijui nitaje lipi.

Aliyenitoa alikuwa mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa mjini Tororo. Jamaa yake ilikuwa miongoni mwa Waasia ambao Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke Uganda mwaka wa 1972. Alirejea miaka ya tisini, serikali ya Rais Yoweri Museveni ilipokuwa ikiwarudishia mali zao. Alimfahamu baba yangu tangu zamani. Alinilipia faini, kisha akanipa kazi ya kubeba majora ya vitambaa mpaka deni liishe.

Jumapili alasiri alikuwa akiweka kaseti za video katika chumba cha nyuma, na mojawapo ilikuwa Half Ticket. Alinitafsiria kila neno. Nilicheka hadi machozi, mpaka mlanguzi alipoitia ile almasi mfukoni. Hapo kicheko kikanikauka. Mzee aliniangalia, naye akaacha kucheka. Tangu siku hiyo akawa ananiita Tiketi Nusu. Na kila jioni tulipofunga duka, akawa ananisimulia maisha ya yule mcheshi, kidogo kidogo.

Kupitia kwake nilijua kwamba nyuma ya kicheko mlikuwa na machozi. Kishore alimuoa Madhubala mwaka wa 1960, baada ya ndoa yake ya kwanza na Ruma kuvunjika. Madhubala alikuwa na tundu moyoni tangu kuzaliwa. Yale mapenzi ya kwenye gari moshi yaliyotuchekesha yalitoka wakati mke huyo alikuwa mgonjwa nyumbani. Alifariki Februari 23, 1969 akiwa na miaka 36 tu. Mtu aliyezoea kukwepa mambo mazito hakuwa na tiketi ya nusu bei ya kupita hapo.

Mnamo 1964 Kishore aliwashangaza wapenzi wake. Alitayarisha, akaelekeza, akatunga muziki na kuigiza katika Door Gagan Ki Chhaon Mein, filamu isiyo na mzaha. Ni hadithi ya mwanajeshi anayerudi kutoka vitani na kukuta jamaa yake wameteketea kwa moto, amebaki mwana mmoja tu aliyepoteza uwezo wa kusema. Mwana huyo aliigizwa na Amit, mtoto wake wa kumzaa. Mzee wa duka hakuweza kuitazama filamu hiyo hadi mwisho. Alisema tu kwamba anayerudi nyumbani hakuti kile alichokiacha, kisha akaenda kuhesabu majora yaliyokwisha hesabiwa.

Mwaka wa 1969 nyimbo alizomwimbia Rajesh Khanna katika Aradhana zilimpandisha Kishore kileleni. Alishinda tuzo ya Filmfare ya mwimbaji bora wa kiume mara nane. Vituko havikuisha. Husimuliwa kwamba mtayarishaji mmoja alipomlipa nusu ya ujira, alifika kazini akiwa amepakwa vipodozi nusu ya uso.

Lakini wakati wa kusimama kama mtu mzima ulipofika, hakukimbia. Waziri Mkuu Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari mwaka wa 1975, wasanii walitakiwa kuipigia debe serikali. Kishore alikataa. Mnamo 1976 nyimbo zake zikapigwa marufuku kwenye redio na televisheni za serikali, na marufuku hayo yakadumu hadi hali ya hatari ilipokwisha mwaka wa 1977. Yule aliyewahi kutiliwa almasi mfukoni katika filamu, safari hii alikataa kubebeshwa mzigo wa mtu mwingine.

Miaka yote hiyo ya umaarufu, alipopanda jukwaani alijitambulisha kama Kishore wa Khandwa. Alikuwa akisema ataachana na Bombay arudi kuishi katika mji wake mdogo. Aliahirisha mwaka baada ya mwaka, kama tunavyofanya wengi wetu. Oktoba 13, 1987, siku ambayo kaka yake Ashok alikuwa akitimiza miaka 76, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 58. Mwili wake ulisafirishwa hadi Khandwa na kuchomwa huko kwa desturi za Kihindu. Alirudi kweli, ila hakuwa na macho ya kuuona mji.

Mzee aliponisimulia sehemu hiyo, deni langu lilikuwa limebaki kidogo. Nilipolimaliza, nilidunduiza hadi nikapata baiskeli nyingine, nikaiendesha mpaka kwa baba. Aliipokea, akajaribu breki zake, kisha akaniuliza iwapo nimekula. Hakuuliza zaidi. Niliishi naye miaka sita kabla hajafariki, na miaka hiyo siwezi kuibadilisha kwa almasi.

Leo nanunua wimbi Tororo na kuliuza Busia nikitumia jina moja tu. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa mwaka wa 2018, karatasi za nchi zote mbili hukaguliwa mahali pamoja. Mazao ya Afrika Mashariki yasiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani huvuka kwa cheti rahisi cha asili bila ushuru wa forodha. Njia za panya hazina faida kwetu sisi wadogo. Kijana akiniletea kifurushi asichokijua, humwambia akifungue kwanza mbele yangu. Wengine hukasirika na kuondoka. Wachache hukaa, na hao ndio huwasimulia habari za Kishore wa Khandwa.