Bwana Nyoka wa Newala

Wanafunzi wenzangu, nilipokuwa mdogo kwetu Fundo, mimi na ndugu zangu tulikamata nyoka mdogo kando ya shamba la muhogo. Tulimtia ndani ya debe, tukalifunika na kuliacha juani, na tukampa wali wa nazi ili ashibe. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Baba alitukaripia sana, kwanza kwa kushika nyoka tusiyemjua, na pili kwa kumtesa kiumbe bure. Jambo hilo lilinikaa moyoni, na ndilo lililonifanya niyasome maisha ya Bwana Ionides.

Constantine John Philip Ionides alizaliwa Uingereza mwaka 1901, katika ukoo wenye asili ya Ugiriki. Alikuwa askari Bara Hindi, na mwaka 1925 akaja Tanganyika. Hakuanza kwa sifa njema, maana aliwahi kuwinda tembo kwa magendo ili auze pembe zao. Lakini mwaka 1933 aliingia katika kazi ya serikali ya kuhifadhi wanyama, akakaa Liwale, na akajitahidi sana kulipanua na kulilinda pori la Selous.

Alipostaafu alihamia Newala, na huko ndiko watu walikomwita Bwana Nyoka. Mwanakijiji akiona nyoka alimpelekea habari, naye alikwenda na koleo na mti wake mrefu, akamshusha nyoka wa kijani kutoka mwembeni au mkorosheni, kisha akamlipa aliyemwita. Alikamata maelfu ya nyoka, akawapeleka kwenye bustani za wanyama na kwa wataalamu. Kazi ya namna hiyo ina faida kubwa, kwa kuwa dawa ya kumtibu aliyeumwa na nyoka hutengenezwa kwa sumu ya nyoka mwenyewe.

Sasa nayafahamu makosa yetu. Nyoka hali wali. Chakula chake ni nyama, kama panya, chura au mjusi, kwa kadiri ya aina yake. Windo lisizidi unene wa mwili wake, na afadhali liwe limekwisha kufa, maana panya mzima aweza kumng'ata. Hapewi chakula kila siku, na akisha kula aachwe atulie. Chakula hutolewa kwa koleo, si kwa mkono. Sanduku lake liwe na matundu ya hewa, kifuniko chenye komeo, maji safi, mahali pa kujificha, upande wa joto na upande wa baridi. Jua kali humwua upesi.

Lakini nyoka wa sumu si wa kufugwa nyumbani hata kidogo. Bwana Ionides mwenyewe, pamoja na ujuzi wake wote, aliumwa mara kadhaa, na vidole vyake vikadhurika. Sisi wa Fundo twavuka bahari kwa chombo kwenda hospitali ya Wete, basi tujihadhari zaidi. Aliyeumwa atulizwe, asichanjwe wala kunyonywa jeraha, apelekwe upesi.

Bwana Ionides alifariki Nairobi mwaka 1968. Mimi nimejifunza kwake kwamba anayetaka kufuga kiumbe sharti kwanza ajue mahitaji yake; asipoyajua, na amwache porini alipo.