Rutherford: Kitabu Kilichomwa Moto, Hoja Ikabaki

Si watu peke yao wanaohukumiwa na wafalme. Vitabu navyo huhukumiwa. Mnamo mwaka wa 1660, mjini Edinburgh huko Uskoti, mnyongaji wa serikali aliamriwa kukichoma moto kitabu kimoja mbele ya watu, na nakala nyingine zikachomwa mjini St Andrews, kwenye chuo alikofundisha mwandishi wake. Mwandishi huyo alikuwa padri wa madhehebu ya Presbiteri, jina lake Samuel Rutherford, na baada ya moto ule hakujaaliwa kuishi hata mwaka mmoja.

Rutherford alizaliwa kiasi cha mwaka wa 1600 katika kijiji cha Nisbet, karibu na mpaka wa Uskoti na Uingereza. Alisoma Edinburgh, akahitimu mwaka wa 1621, kisha akafundisha Kilatini chuoni hapo. Mwaka wa 1626 aliiacha kazi hiyo baada ya kuzuka maneno juu ya ndoa yake na Euphame Hamilton. Mwaka uliofuata alikabidhiwa kanisa dogo la Anwoth, karibu na pwani ya kusini-magharibi, ambako waumini wake walikuwa watu wa shamba waliokaa mbalimbali.

Huko ndiko misiba ilikoanza kumwandama. Euphame aliugua zaidi ya mwaka mzima kwa maumivu makali, akafariki mwaka wa 1630. Katika mwaka wa 1640 Rutherford alioa tena, akamwoa Jean McMath. Lakini kati ya watoto wote aliowapata kwa wake hao wawili, aliyekuwa hai siku ya kufa baba yao ni binti mmoja tu, Agnes.

Mfiwa humjua mfiwa mwenziwe. Mmoja wa watu aliowaandikia sana alikuwa Bibi Jane Campbell, mke wa bwana mkubwa wa Kenmure, ambaye naye alizika wanawe wachanga. Rutherford alimliwaza kwa kumweleza kwamba mtoto aliyekufa hakupotea, bali ametangulia.

Wakati huo nchi ilikuwa na mzozo mkubwa. Mfalme Charles wa Kwanza alitaka kanisa litawaliwe na maaskofu walio chini ya mkono wake. Wapresbiteri walitaka liongozwe na mapadri na wazee kwa kushauriana, mfalme asiliingilie. Mwaka wa 1636 Rutherford alifikishwa mbele ya mahakama ya kanisa, akavuliwa kazi, akakatazwa kuhubiri na kupelekwa Aberdeen, mji wa mbali uliokuwa na wapinzani wake wengi. Mdomo ulifungwa, kalamu haikufungwa. Kutoka mji huo aliandika barua zaidi ya 200.

Mwaka wa 1638 Waskoti walipofunga agano la kulilinda kanisa lao, Rutherford alirudi Anwoth, na mwaka uliofuata akawa mwalimu wa dini St Andrews. Katika mwaka wa 1643 alitumwa London kuiwakilisha Uskoti katika baraza kubwa la mapadri, akakaa huko miaka minne. Alipokwenda alikuwa na watoto wawili. Wote wawili walikufa yeye akiwa ugenini.

Katika mwaka wa 1644, angali huko London, alitoa kitabu alichokiita Lex, Rex, yaani Sheria, Mfalme. Hata jina lenyewe limetanguliza sheria. Askofu mmoja, John Maxwell, alikuwa ameandika kuwa mfalme hapati madaraka yake kwa watu. Rutherford alimjibu kwa maswali 44. Alisema utawala ni amana. Mfalme huupata kwa mapatano na watu wake, naye yu chini ya sheria kama wao. Akiivunja amana hiyo na kuwadhulumu, wana haki ya kujilinda.

Hata hivyo, padri huyu alikuwa na upungufu wake. Mwaka wa 1649 alitoa kitabu kingine cha kupinga watu kuachiwa uhuru wa kufuata dini kama dhamiri zao zinavyowatuma. Aliyemwekea mfalme mpaka hakukubali kuiwekea mpaka serikali iliyoshika madhehebu yake mwenyewe. Haki aliyoidai kwa ushujaa alikuwa mzito kumpa mwingine.

Charles wa Pili alipokirudia kiti cha enzi mwaka wa 1660, hakukisahau kile kitabu. Kilichomwa, na mwandishi akanyang'anywa kazi na mshahara, akafungiwa nyumbani, kisha akaitwa Bungeni kujibu mashtaka ya uhaini. Wito ulimkuta mahututi. Husimuliwa kuwa alijibu ya kwamba amekwisha kuitwa na Hakimu aliye mkubwa zaidi. Alifariki mwishoni mwa Machi, 1661. Mwenzake, padri James Guthrie, hakupata nafasi hiyo. Alinyongwa tarehe 1 Juni mwaka huohuo.

Rutherford aliacha mjane na binti yake Agnes. Mwaka wa 1664 mwanafunzi wake wa zamani, Robert McWard, alizikusanya barua zake, zikachapishwa Rotterdam, Uholanzi, na tangu hapo zimechapishwa mara nyingi. Lex, Rex nacho kingali kinasomwa, na swali lake halijazeeka: mtawala akiivunja sheria, ni nani wa kumwambia?