Spicer-Simson na mashua zilizopanda milima hadi Tanganyika

Leo tunaleta maisha ya mtu ambaye jina lake limeandikwa katika vitabu vingi juu ya ziwa letu. Lakini tuanze mbali kidogo, kule Toulouse, Ufaransa, pale wanapounganisha ndege za Airbus.

Ndege hizo hazitengenezwi mahali pamoja. Mabawa yanatoka Uingereza, vipande vya mkia vinatoka Uhispania, vipande vingine vya mwili vinatoka Ujerumani. Sasa bawa la ndege ya abiria si gunia la mchele, huwezi kulitupa juu ya kamyo ukaenda. Basi walitengeneza ndege nyingine ya kubeba vipande hivyo. Mwili wake umevimba, paji lake linafunguka kama mfuniko wa sufuria, na bawa zima linaingia humo. Ya siku hizi inaitwa Beluga. Kabla yake walitumia Super Guppy, iliyotokana na kazi ya Mmarekani Jack Conroy, ambaye katika miaka ya 1960 alichukua ndege za zamani na kuzipanua ili zibebe vipande vya roketi.

Shida yenyewe ni moja: kitu kimekuwa kikubwa kuliko njia yake. Sisi wa Lubarika na bonde la Ruzizi tunaijua. Kila mashine nzito inayoshuka kutoka Bukavu au kupanda kutoka bandari ya Kalundu, ni lazima watu watafute namna ya kuipitisha. Na kwenye ziwa letu shida hiyo ilitatuliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, bila ndege yoyote ya kubeba. Mtu aliyepata sifa kwa kazi ile ni Geoffrey Spicer-Simson.

Alizaliwa mwaka 1876 huko Hobart, kisiwa cha Tasmania, Australia, ambako wazazi wake walikuwa na shamba la kondoo. Baadaye jamaa hiyo ilirudi Ufaransa, ndiyo maana alijua Kifaransa vizuri. Alipofika miaka 14 aliingia jeshi la majini la Uingereza. Kazi aliyoiweza kweli ilikuwa kupima maji na kuchora ramani. Alipima mto Yangtze huko China, na baadaye mto Gambia katika Afrika ya magharibi.

Kwa upande wa uongozi wa vita, mambo hayakumwendea. Alikuwa mtu wa kujisifu sana, na ajali zilimfuata. Wenzake wa umri wake walipanda vyeo, yeye akabaki nyuma. Vita vya 1914 vilipoanza alipewa meli ndogo kusimamia karibu na pwani ya Uingereza. Mwezi wa Novemba mwaka ule, meli mojawapo chini ya amri yake, Niger, ilizamishwa na Wajerumani wakati yeye mwenyewe alikuwa nchi kavu. Baada ya hapo wakamweka ofisini, kwenye meza na makaratasi.

Wakati huo huo ziwa Tanganyika lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Walikuwa na meli za Hedwig von Wissmann na Kingani. Mwezi wa Agosti 1914 waliharibu mitumbwi ya watu huko Mokolobu, kusini ya Uvira, kisha wakaivunja meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune. Tangu siku hizo mwambao wote wa Congo, kuanzia huku kwetu hadi Kalemie, haukuwa na usalama.

Tena walikuwa wanaandaa meli kubwa zaidi, Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 70 na zaidi. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa yote, ikawekwa katika masanduku karibu 5,000. Masanduku yalisafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam, halafu kwa treni hadi Kigoma, na hapo mafundi wakaiunganisha upya. Iliingia majini mwezi wa Februari 1915.

Mwindaji mmoja Mwingereza, John Lee, aliyejua Afrika, ndiye aliyekwenda London na wazo la kuwapinga: walete mashua mbili za injini, ndogo lakini za mbio, wazipitishe Katanga hadi ziwani. Wakubwa wa jeshi walikubali. Walipotafuta mtu wa kuongoza, maofisa wengine wote walikuwa na kazi. Spicer-Simson alikuwa pale, ofisini. Akapewa.

Mashua zenyewe zilikuwa za mbao, kila moja mita 12 hivi. Zilikuwa zimeagizwa kwa ajili ya jeshi la Ugiriki, kuhudumia ndege zinazotua juu ya maji. Spicer-Simson alipendekeza kwanza ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza, wakubwa wakakataa. Akageuza majina yale kwa Kifaransa cha watoto, zikawa Mimi na Toutou, na hapo hakuna aliyemzuia.

Msafara uliondoka Uingereza tarehe 15 Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town, Afrika Kusini. Kutoka pale walipanda treni, wakapita Rhodesia, wakafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na mwanzoni mwa Agosti wakafika Fungurume. Wachimbaji mnalijua jina hilo: leo wenzetu wanatoa shaba na kobalti pale. Wakati ule reli iliishia hapo. Mbele yao kulikuwa na milima ya Mitumba na pori la kilomita zaidi ya 200 hadi Sankisia, ambako reli nyingine ilianza. Barabara haikuwepo.

Basi barabara ilitengenezwa. Mamia ya watu wa vijiji walikata miti, wakang'oa visiki, wakajaza mashimo kwa mawe, wakajenga madaraja zaidi ya 100 ya magogo. Mashua ziliwekwa juu ya matoroli na kuvutwa na mashine mbili za moshi, fikirieni lokomotiva inayotembea barabarani bila reli. Mashine zikishindwa, ng'ombe walifungwa. Ng'ombe wakishindwa, kulikuwa na kamba, kapi na mikono ya watu. Na kwenye mteremko ilikuwa mbaya zaidi, maana mzigo ule ukiponyoka unaua kila aliye chini yake. Kila mmoja wetu aliyewahi kushusha mtambo kwa kebo anajua pale moyo unaposimama.

Halafu kulikuwa na maji. Mashine ya moshi inakunywa kuliko ng'ombe, na ilikuwa kiangazi. Pale juu mito ilikauka, wanawake wa vijiji wakakusanywa wabebe maji kichwani kwa mitungi, kutoka mbali, ili mashine ipate kutembea. Kwa hiyo tukisema mashua zilivutwa na moshi, tuseme pia kwamba moshi ule ulitoka katika mitungi ya akina mama.

Safari ya milimani ilianza tarehe 18 Agosti na kuisha Sankisia tarehe 28 Septemba. Kutoka hapo treni hadi Bukama, halafu mto Lualaba hadi Kabalo, halafu treni tena hadi Lukuga, yaani Kalemie, mwishoni mwa Oktoba. John Lee, mwenye wazo, hakufika nao: Spicer-Simson alimwondoa katika msafara njiani.

Kwenye vita, lazima tuseme ukweli, alishinda. Tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou zilikamata Kingani kwa muda mfupi sana. Waliitengeneza wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, Fifi na Mimi zikazamisha Hedwig von Wissmann. Kazi iliyotumwa kutoka London ilikuwa karibu kwisha, na mtu wa ofisini akawa shujaa. Alikuwa na chale za rangi mwilini, akatembea kando ya ziwa amevaa nguo kama sketi, na watu wa pale wakampa jina Bwana Chifungatumbo, kwa sababu ya ile nguo.

Lakini Götzen ilipotokea, alikataa kuifuata. Aliona ni kubwa mno kwa mashua zake. Akaondoka kwenda Léopoldville kutafuta mashua nyingine, Wabeleji wakabaki wanamngoja kwa hasira. Mwishoni wakaamua kutumia ndege. Ndiyo, ndege, mwaka 1916! Zilikuwa nne, za kutua juu ya maji. Zilikuja katika vipande kwa meli, kwa mto na kwa treni, mafundi wakaziunganisha karibu na M'Toa, kaskazini ya Kalemie. Tarehe 10 Juni 1916 zilikwenda kutupa mabomu Kigoma. Mwezi wa Julai, jeshi la Wabeleji lilipokaribia mji, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, baada ya kupaka mashine zake mafuta mazito zisile kutu.

Mwezi wa Juni pia, huko Kasanga, kusini ya ziwa, Wajerumani walitoroka usiku kwa mashua huku Spicer-Simson yupo karibu bila kuwazuia. Muda si mrefu alirudishwa kwao mgonjwa. Alipewa medali, lakini hakupewa tena kuongoza vita. Kifaransa chake kilimsaidia: mwaka 1919 alifanya kazi ya ukalimani katika mkutano wa amani wa Paris. Kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya vipimo vya bahari huko Monaco, kazi ileile ya kupima maji aliyoiweza tangu ujana. Alifariki Canada mwaka 1947, akiwa na miaka 71.

Na ile Götzen? Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Wengi wenu mnaijua. Mwaka 1997 ilibeba wakimbizi wetu waliokuwa Tanzania kuwarudisha nyumbani. Yale mafuta mazito yaliwasaidia watu ambao mafundi wa 1916 hawakuwafikiria.

Sasa, ndugu, kwa nini sisi wa sendika tumeandika habari ya ofisa Mwingereza? Kwa sababu ya hesabu moja. Msafara ulikuwa na Wazungu wapatao 28, na majina yao yanajulikana hadi leo. Tunajua hata jina la mashua. Lakini watu waliojenga madaraja zaidi ya 100, na akina mama waliobeba maji, katika vitabu hawana majina. Wanaitwa tu vibarua. Katika vita vile Wabeleji walitumia wapagazi karibu 260,000 kwa upande huu wa Afrika. Wengi walikufa, na nani anaweza kutusomea orodha yao?

Hatumnyang'anyi Spicer-Simson sifa yake. Kuongoza kazi ngumu ni kazi pia, na yeye aliimaliza. Tunachosema ni kwamba asiye na jina katika daftari hana cha kudai. Hata leo tunaona: mtambo mkubwa unafika, vijana wanaitwa barabarani kwa malipo ya siku, hakuna anayeandika chochote. Mmoja akivunjika mguu, jioni inasemwa hakuwepo. Mjane akienda kuuliza, anaambiwa alete karatasi.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kabla ya kushika kamba, jina lako liandikwe, na nakala moja ibaki kwa mjumbe wa sendika. Kabla ya mzigo kushuka mteremko, kamba na kebo zikaguliwe mbele ya wafanyakazi. Na kama mna babu au bibi anayekumbuka waliobeba mizigo ya wakoloni katika njia hizi zetu, mkeni naye, muandike majina. Daftari la shule linatosha.