Rembe, Mtu wa Maji

Katika nchi yetu ya West Nile, toka Koboko hata Arua, jina la Rembe lingali likitajwa na wazee. Wengine humwita nabii, wengine mganga, na wengine husema alikuwa mdanganyifu tu. Nataka kueleza maisha yake kwa kifupi ili wasomaji wampime wenyewe, maana si haki kumhukumu mtu kabla ya kujua alishindana na nini.

Rembe alikuwa Mkakwa. Wakakwa ndio wenyeji wa Koboko, na ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka, upande wa Sudani Kusini na upande wa Kongo. Dawa iliyompatia sifa, iitwayo Yakan, hakuibuni yeye. Yasemekana ilitoka kaskazini kwa Wadinka. Katika mwaka wa 1883 Wadinka wa kabila la Agar waliishambulia boma ya Serikali ya Misri huko Rumbek, wakaiteka, ingawa ndani yake mlikuwa na askari wenye bunduki. Habari hiyo ilienea mbali, na pamoja nayo ikaenea habari ya maji ambayo mtu akiyanywa risasi haimdhuru. Basi tukumbuke jambo hili: watu hawakuiamini dawa hiyo bure. Walikuwa wamesikia kwamba boma ya bunduki imeanguka kweli.

Katika miaka ya 1890 nchi ya Walugbara ilipatwa na mateso mengi. Sotoka iliua ng'ombe, na homa ya uti wa mgongo iliua watu. Tena wageni wenye silaha walikuwa wamekwisha kuingia. Ndipo baadhi ya wakubwa wa Walugbara walipofunga safari kwenda kwa Rembe katika nchi ya Wakakwa, wakanunua maji yake, wakarudi nayo nyumbani. Wabelgiji walipofika mwaka 1900 na kutafuta watu wa kuwafanya machifu, waliwachagua baadhi ya hao hao waliokwenda kuchukua maji, kwa kuwa walionekana kuwa na nguvu mbele ya wenzao.

Halafu serikali zikabadilika upesi mno. Wabelgiji waliondoka mwaka 1910, nchi ikapewa Sudani. Mwaka 1914 ikatolewa Sudani ikatiwa Uganda, na Bwana Weatherhead, Mkuu wa Wilaya wa kwanza, akafungua boma hapa Arua. Ikaja kodi, zikaja na amri ambazo wazee hawakuulizwa. Mtu aliyezaliwa miaka ya 1890 alitawaliwa na mataifa matatu kabla hajazeeka, wala hakuna hata moja alilolichagua.

Wakati huo Rembe mwenyewe alikuja kukaa kati ya Walugbara, mahali paitwapo Udupi. Huko palikuwa na kidimbwi, na kwa masimulizi ya wazee ndani yake alikaa nyoka wa ajabu. Rembe aliwagawia watu maji yaliyotiwa mizizi ya mmea uitwao kamiojo. Waliokunywa waliahidiwa mambo makubwa: wazee waliokufa watafufuka, na ng'ombe waliokufa watafufuka pia, hakuna atakayelipa kodi, na bunduki za Serikali zitatoa maji tu badala ya risasi.

Sisi wanafunzi twaweza kucheka. Lakini tufikiri kama walivyofikiri wao. Kwa desturi yao kila dawa ilikuwa na dawa yake. Mtu akirogwa, alitafutiwa mganga mwenye nguvu ya kumzidi yule mrogaji, na mashindano yao yalikuwa kama mizani: huyu akiongeza upande wake, yule naye huongeza upande wake. Bunduki nayo ilionekana kuwa uganga wa wageni. Yatoa moto, na kitu gani huzima moto kuliko maji? Katika fikira hiyo hapakuwa na upumbavu. Kosa lilikuwa moja tu, kwamba bunduki haikuwa uganga. Risasi haijui miiko, wala haina bwana wa kushindana naye kwa maneno. Kwa hiyo mizani ile haikuweza kusimama sawa hata siku moja.

Hata hivyo maji ya Rembe yalikuwa na nguvu nyingine isiyokuwa ya uwongo. Walugbara hawakuwa na mfalme. Kila ukoo ulikuwa na mzee wake, na mara nyingi koo zilipigana. Lakini mbele ya Rembe watu wa koo zilizokuwa na uadui walikunywa maji mamoja na kucheza ngoma moja. Walijipanga safu, wakafanya kwata kama askari, wakishika matete kwa mfano wa bunduki. Nadhani jambo hilo ndilo lililoitia Serikali wasiwasi. Maji ndani ya kibuyu hayamtishi mtu mwenye risasi, bali watu wengi waliokubaliana neno moja humtisha.

Rembe alikamatwa, akapelekwa Yei katika Sudani, na huko akanyongwa mwaka 1917. Hakurudi tena Udupi. Lakini Yakan haikufa naye. Mwaka 1919 wafuasi wake na askari polisi walipigana, watu wakafa, na baadaye machifu kadhaa wakahamishwa mbali na kwao. Risasi zilitoka zikiwa risasi.

Habari hii yafanana na ile ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Yeye naye aligawa maji, naye alinyongwa na Wadachi huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Vita hivyo viliendelea hata mwaka 1907, na hesabu ya Wadachi wenyewe ilisema watu 75,000 walikufa, wengi wao kwa njaa. Huko pia makabila mengi yalikunywa maji mamoja, na kila mmoja alipewa miiko. Aliyeuawa alisemwa kuwa amevunja mwiko. Kwa njia hiyo dawa haikushindwa kamwe. Walioshindwa ni watu.

Basi tumwiteje Rembe? Mimi siwezi kumsifu kwa ahadi alizotoa, kwa sababu kijana aliyesimama mbele ya bunduki akiamini kwamba itatoa maji alilipa kwa roho yake. Anayeongoza watu imempasa kupima nguvu za adui zilivyo, siyo anavyotamani ziwe. Wala sikubali kusema kwamba babu zetu walikuwa wajinga. Mfa maji haachi kutapatapa, nao walikuwa wakizama kwa magonjwa, kodi na serikali za kupokezana. Walishika kilichokuwa karibu.

Sisi tumepata elimu, twajua bunduki inavyofanya kazi. Lakini jambo lile alilolifanya Rembe, la kumketisha Mkakwa pamoja na Mlugbara na ukoo pamoja na ukoo adui wake, hatujalimaliza bado. Atakayelifanya bila kumdanganya mtu atakuwa amemzidi Rembe.