J.M. Kariuki: Mtetezi wa Wasio na Ardhi

Marehemu Josiah Mwangi Kariuki, aliyejulikana kote nchini Kenya kwa herufi mbili tu, J.M., alizaliwa mwaka 1929 huko Kabati-ini, Nakuru. Wazazi wake walikuwa maskwota, Wakikuyu waliofanya kazi katika shamba la mlowezi na kulima, kwa ruhusa yake, ardhi wasiyoweza kuwarithisha watoto wao.

Karo ilimtatiza, lakini mwaka 1946 alishinda dau la mbio za farasi, akarudi shuleni kwa fedha hizo. Alisoma hadi Budo, Uganda, akarejea Oktoba 1952, siku chache baada ya hali ya hatari kutangazwa. Mwaka uliofuata alikamatwa, akawekwa kizuizini hadi 1960. Kambini kalamu ndiyo iliyokuwa silaha yake: aliandika barua za siri kulalamikia mateso ya wenzake, naye akaadhibiwa vikali.

Mwaka 1963 alichaguliwa mbunge, na baadaye akawa waziri msaidizi. Aliwatetea maskini wa makabila yote, akidai mashamba ya walowezi yagawiwe wasio na ardhi. Ni kweli kwamba yeye mwenyewe alimiliki mashamba na farasi wa mashindano. Hata hivyo, utajiri haukumziba kinywa.

Machi 1975 aliuawa, na maiti yake ikapatikana Ngong. Kamati ya Bunge ilichunguza, lakini hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. J.M. alinyamazishwa, swali lake kuhusu ardhi lingali linaulizwa katika Bonde la Ufa.