Sergei Winogradsky na Bakteria wa Chuma

Mvua kubwa ikipita hapa Kigobe, katika baadhi ya mitaro husalia utando wa rangi ya kutu, na juu ya maji hung'aa kama pamemwagwa mafuta. Aghalabu twasingizia magari. Lakini, ndugu askari, chokoa utando huo kwa kijiti: ukivunjika vipande vipande badala ya kuungana tena kama mafuta, elewa kwamba hiyo yaelekea kuwa kazi ya bakteria wa chuma. Aliyetangulia kueleza jinsi wanavyoishi ni Sergei Winogradsky.

Alizaliwa Kiev mwaka 1856, katika jamaa ya kitajiri. Alianza sheria, akaiacha; akajifunza piano, nayo akaiacha. Sisi tuliozoea kwenda kwa amri tusingemsifu kijana wa namna hiyo. Hata hivyo sayansi ilimnasa. Mwaka 1887, akiwa Strasbourg, alionyesha kwamba wapo bakteria wanaopata nguvu kutokana na salfa. Mwaka 1888 akatoa hoja kwamba wengine huipata kutokana na chuma kilichoyeyuka majini: hukigeuza kutu, nayo huwafunika kama ala ifunikavyo kisu.

Leo yajulikana kuwa kutu hiyo hainasi chuma peke yake. Risasi, metali ile ile iliyozipa jina zana zetu, hugandamana nayo, na vivyo hivyo shaba, zinki na nikeli. Baadhi ya bakteria wana pampu katika ngozi zao, ambazo hutupa nje sumu iliyokwisha penya. Ila kunasa siko kuangamiza. Udongo ukichachuka, metali huachiliwa, ikaingia mtoni. Huko Kilembe, Uganda, shaba ilichimbwa kuanzia 1956 hadi 1982, yakabaki malundo ya taka zenye salfa. Na toka 1999, huko Kasese, bakteria walitumiwa kutoa kobalti katika taka hizo. Nasi tunayo nikeli ya Musongati. Kabla ya kuichimba yapasa kujua maji ya machimbo yatateremkia wapi.

Mapinduzi ya 1917 yalimkuta Winogradsky shambani kwake, akiwa ameacha utafiti kwa miaka mingi. Alipoteza mali, akakimbilia Belgrade. Mwaka 1922, umri ukiwa umepita miaka 65, Taasisi ya Pasteur ilimwita Ufaransa, naye akaanza upya huko Brie-Comte-Robert, akichunguza udongo wenyewe badala ya bakteria waliozoea chupa. Kitabu chake kikubwa juu ya viumbe hao kilitoka mwaka 1949. Alifariki mwaka 1953, akiwa na miaka 96.