Rudolf Diesel: dizeli ni jina la mtu

Hapa Mshangano tunaijua dizeli kama mafuta ya lori, trekta na mashine ya kusaga. Wasikilizaji wengi hawajui kwamba hilo ni jina la mtu. Leo tunawaletea maisha yake kwa kifupi.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Vita ya mwaka 1870 iliwakimbiza hadi London, naye akapelekwa kwa ndugu huko Augsburg kusoma. Baadaye alisomea uhandisi Munich, akaona jinsi injini za mvuke zilivyopoteza joto jingi bure.

Wazo lake lilikuwa hili: hewa ikibanwa kwa nguvu ndani ya silinda hupata moto. Ukijaza upepo tairi la baiskeli, gusa pampu, utaona. Hewa ikishika moto wa kutosha, mafuta yakipulizwa humo huwaka yenyewe bila plagi.

Agosti 1893, katika jaribio la kwanza, mgandamizo ulipasua kipimo na vipande vikaruka, yeye akanusurika. Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa kama dakika moja. Mwaka 1897 ilipimwa, ikaonekana inageuza zaidi ya robo ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Injini nyingi za mvuke wakati ule hazikuifikia hata nusu ya hapo.

Sifa zilikuja, lakini kesi, maradhi na madeni vilimwandama. Usiku wa Septemba 29, 1913, akiwa na miaka 55, alitoweka melini akielekea Uingereza. Siku chache baadaye maiti ilionekana baharini, na mwanawe akavitambua vitu vilivyotolewa mifukoni. Kama alijirusha, alianguka au alisukumwa, hadi leo haijathibitishwa.

Alichotuachia ndicho kinachoamua kama Land Rover yako ya zamani inafaa kufufuliwa. Kabla ya kununua rangi na viti, mwombe fundi apime kompresheni. Betri iwe imejaa. Atatoa nozeli, atafunga geji, atapiga stata, silinda moja baada ya nyingine. Namba zikikaribiana na zikifikia kiwango cha kitabu cha injini hiyo, endelea. Moja ikiwa chini sana, hewa inavuja: ringi zimekwisha, valvu hazikai vizuri, au gasketi imeungua. Tengeneza hapo kwanza, ndipo utumie fedha kwingine.